Matembezi ya Jioni Baharini: Chagua Chombo kwa Akili

Msomaji mpenzi, watu wa bonde la Kilombero hatuhitaji kufundishwa kwamba maji ni rafiki na tena ni adui. Tumezaliwa kando ya mto. Mpunga wetu hungojea mafuriko yake, kitoweo chetu hutoka ndani yake, na kabla ya daraja kujengwa mtu aliyetaka kutoka Ifakara kwenda Mahenge au Malinyi ilimpasa kuvuka kwa kivuko. Mwezi wa Mei mwaka 2018 Daraja la Magufuli lilifunguliwa rasmi, lenye urefu wa mita 384, na sasa tunapita juu ya mto kwa gurudumu. Watoto wanaoanza shule sasa hawajui kungoja kivuko juani nusu ya siku.

Lakini binadamu hapendi kukaa mbali na maji muda mrefu. Siku hizi watu wa kwetu wameanza kusafiri kwenda kutazama maji mengine. Mume na mke wakitimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa, watoto wao huchanga wawapeleke Zanzibar. Kwaya ikimaliza mwaka wake, huomba ikapumzike huko siku tatu. Walimu wakistaafu, huambiana, "Tumesoma habari za Unguja miaka yote, twende tukaione kabla macho hayajachoka." Basi huteremka Dar es Salaam kwa gari la moshi la TAZARA au kwa basi, hupanda boti la kasi pale bandarini, na baada ya saa mbili hivi wako Unguja.

Na huko, jioni ya kwanza, hawajamaliza hata kunyosha miguu, kijana huwafuata ufukweni. "Karibuni wageni, twendeni baharini tukatazame jua likizama. Chombo ni kizuri, bei ni nzuri." Hapo ndipo maswali huanza. Twende au tusiende? Chombo gani? Saa ngapi? Na je, bei ile ni ya haki?

Mimi ni karani wa parokia. Orodha za michango ya safari hizi hupita mezani kwangu, nami najua fedha ile inavyopatikana: gunia la mpunga la huyu, kuku wa yule, mshahara uliokatwa kidogo kidogo miezi kumi. Najua pia kwamba katika chombo kile wataingia mama, na watoto, na wazee. Basi kuna mambo mawili ya kuangalia, fedha na roho za watu. Kwa ajili hiyo nimeona yafaa tuzungumze, msomaji, kabla hujafika ufukweni, maana ufukweni hakuna nafasi ya kufikiri.

JUA HUZAMA UPANDE GANI?

Jambo la kwanza ni dogo, lakini wengi hulisahau. Jua huzama magharibi. Ukipanga nyumba ya wageni Paje au Jambiani, uko pwani ya mashariki. Asubuhi utaliona jua likitoka baharini, na ni zuri sana, lakini jioni litazama nyuma yako, juu ya minazi. Tena pwani ile maji yakipwa huenda mbali, na vyombo hubaki vimelala juu ya mchanga.

Kama shabaha yako ni machweo, nenda pwani inayotazama magharibi. Zipo sehemu tatu zinazojulikana zaidi. Ya kwanza ni Mji Mkongwe wenyewe, ambako vyombo huondokea karibu na Forodhani. Ya pili ni Kendwa na ya tatu ni Nungwi, huko kaskazini ya kisiwa. Kwa mtu aliyetoka Ifakara na kikundi chenye fedha ya kuhesabu, mimi nasema Mji Mkongwe unatosha. Huhitaji gari la kukupeleka kaskazini na kukurudisha usiku. Isitoshe, ukiwa majini utauona uso wa mji mzima ukipigwa na mwanga wa jioni: Ngome Kongwe, majumba ya zamani, na minara miwili ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, sehemu yake ilibomoka tarehe 25 Desemba 2020, lakini mahali pake hapawezi kupotea machoni.

SAA, MWEZI NA UPEPO

Zanzibar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika hamsini hivi, kwa kufuata majira ya mwaka. Mwezi wa Mei na wa Novemba huwahi. Mwezi wa Februari huchelewa. Nasi tulio karibu na mstari wa ikweta twajua kwamba jua likizama giza halikawii. Baada ya nusu saa ni usiku. Basi chombo kinachoondoka saa kumi na mbili kasorobo kitakupa machweo, naam, lakini kitakurudisha gizani. Chombo kinachoondoka saa kumi na nusu kitakupa mwanga wa kutosha wa kuona, na kitarudi wakati mtu bado anatambulika uso. Mwenye watoto na wazee achague kile cha mapema.

Wazungu wanaokwenda likizo katika visiwa vya Bahari ya Mediterania, kama Malta, Kupro na Santorini, nao huulizana swali hili hili la kuchagua chombo cha jioni. Lakini wao wana raha mbili ambazo sisi hatuna. Kwanza, mwezi wa Juni jua lao hukawia hata baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo jioni yao ni ndefu. Pili, bahari yao imezungukwa na nchi karibu pande zote, na mahali pengi maji yake hupanda na kushuka kidogo tu, hayafiki hata nusu mita. Sisi bahari yetu hupumua. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Zanzibar hupanda na kushuka karibu mita nne. Hicho ni kimo cha nyumba.

Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kupanga siku. Siku za bamvua, maji ya Mji Mkongwe hujaa kama saa kumi jioni, na saa ya machweo kina bado kipo. Kupanda na kushuka chomboni ni kazi nyepesi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: jioni ndiyo saa ya kupwa, nawe huenda ukatembea majini mpaka magotini ndipo ukifikie chombo. Kwa kijana ni mchezo, kwa bibi mwenye magoti mabovu ni adhabu. Tena siku ya mwezi mpevu kuna zawadi isiyolipiwa: jua likizama magharibi, mwezi huchomoza mashariki saa ile ile. Anayeweza kuchagua siku na achague hiyo.

Sasa upepo. Kaskazi huvuma kama Desemba mpaka Machi. Kusi huvuma kama Mei mpaka Septemba, na mwezi wa Julai huwa na nguvu. Wakati wa kusi pwani ya magharibi hukingwa na kisiwa chenyewe, ndiyo sababu ya pili ya kuichagua. Kati ya pepo hizo mbili ni maleleji, bahari hutulia kama maziwa, lakini maleleji ya Aprili huja na masika, na mvua kubwa baharini si kitu cha kuchezea. Wakulima wetu husafiri baada ya mavuno, yaani Julai na Agosti. Hakuna kosa, ila wajue kwamba ni wakati wa kusi, na jioni wachukue nguo nzito kidogo. Upepo wa bahari huingia mifupani.

VYOMBO VYENYEWE

Utaonyeshwa vyombo vya namna nne.

Ngalawa ni ndogo, imechongwa kwa gogo, ina tanga moja na matengo mawili ubavuni ya kuizuia isipinduke. Mtu wa Kilombero akiiona atasema, "Huu ni mtumbwi wetu uliopewa mikono." Inafaa watu watatu au wanne, na lazima utalowa. Mchana ni nzuri. Jioni, pamoja na watoto, mimi siipendi.

Mashua ni kubwa kidogo, imeundwa kwa mbao, ina tanga na mara nyingi mashine ndogo. Inafaa jamaa mmoja, baba, mama na watoto, pamoja na rafiki wachache.

Jahazi ndilo kubwa, lenye mlingoti mnene na foromali ndefu inayobeba tanga la pembe tatu. Vyombo vya namna hii ndivyo vilivyosafiri kwa pepo hizi kati ya pwani yetu na Arabuni kwa karne nyingi. Jahazi la matembezi huwa na mabenchi, mikeka na mito, na kikundi chote huweza kukaa pamoja. Hutoka kwa mashine, kisha nahodha huizima na kupandisha tanga. Asikudanganye mtu, msomaji: saa ile mashine inaponyamaza, ukasikia maji tu yakipiga ubao, ndiyo hasa unayoilipia.

Cha nne ni boti la plastiki lenye mashine kubwa. Huenda mbio, lina kivuli, lakini lina kelele. Kwa safari ya Changuu mchana lafaa. Kwa jioni ni kama kwenda shambani kupumzika ukachukua na mashine ya kukoboa.

Kwa kikundi cha kwetu, basi, jahazi. Kwa jamaa mmoja, mashua nzuri.

MASWALI SABA KWA NAHODHA

Usizungumze na yule kijana wa ufukweni peke yake. Yeye ni dalali, ana haki ya riziki yake, lakini hataongoza chombo. Sema hivi: "Ndugu yangu, ahsante. Sasa nipeleke kwa nahodha, nami nikione chombo." Akikataa, umekwisha pata jibu lako. Akikubali, amkia vizuri, kisha uliza.

1. Chombo kimeandikishwa? Huko Zanzibar vyombo viko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Huku Bara kazi hiyo ni ya TASAC. Mwenye chombo halali haoni haya kuonyesha cheti.

2. Kinaruhusiwa kuchukua watu wangapi, nasi pamoja na mabaharia tutakuwa wangapi? Hesabu mwenyewe, hata mtoto wa mgongoni ni mtu.

3. Jaketi za kuokolea maisha ziko ngapi, na ziko wapi? Zitolewe uzione. Kama zimefungwa kwa kamba chini ya magunia, ni sawa na kutokuwapo.

4. Za watoto zipo? Jaketi la mtu mzima humteleza mtoto likatoka kichwani, yeye akabaki chini na jaketi likaelea juu.

5. Mashine ikizimika, kuna nini? Liwepo tanga au mashine ya pili, nanga yenye kamba ya kutosha, na simu yenye moto.

6. Taa ipo? Chombo kisicho na taa usiku hakionekani, na njia ile hupita maboti ya kasi.

7. Nahodha anakunywa? Vyombo vingi vinavyochukua wageni hubeba pombe. Abiria na ajihukumu mwenyewe. Nahodha akinusa pombe, shuka.

Baada ya maswali, tumia macho. Chungulia ngama, yaani chini kabisa ya chombo. Maji kidogo si ajabu, mbao hupenyeza. Lakini baharia akifua maji bila kupumzika hata kabla hamjaondoka, hicho ni kisima, si chombo. Watu wakiisha kupanda, tazama kutoka majini mpaka ukingoni. Ukingo ukikaribia maji, wimbi dogo tu litaingia.

Labda utasema, "Karani huyu ni mwoga." Sawa. Lakini tukumbuke tuliyoyaona. Mwaka 2002 kivuko cha mto wetu huu kilipinduka na makumi ya watu wakafa maji, hapa hapa Kilombero. Januari 2016 kivuko kingine kikapigwa na upepo mkali kikapinduka pia. Katika Ziwa Viktoria, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikachukua mamia ya watu. Tarehe 10 Septemba 2011, usiku, Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, mamia tena. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara. Ilikuwa na ruhusa ya watu 101, nayo ilibeba zaidi ya mara mbili ya hao. Waliokufa walizidi mia mbili. Msomaji, mara nyingi maneno ya wachunguzi yamekuwa yale yale: watu walikuwa wengi kupita kiasi. Si papa wala si shetani wa baharini. Ni hesabu tu, na hesabu twaijua.

BEI, NA YALIYOTUPATA

Bei ya matembezi haya kwa kawaida hutajwa kwa dola, kwa kila kichwa. Kwanza omba itajwe kwa shilingi. Pili uliza imeingiza nini: chakula, vinywaji, saa ngapi za kukaa majini, na kama chombo ni chenu peke yenu au mtachanganywa na wengine. Tatu, lipa sehemu, na nyingine ulipe mkirudi. Nne, patana kabla hujaweka mguu chomboni; ukiisha kupanda huna nguvu tena.

Lakini bei rahisi ina mtego wake, nami nitakusimulia jinsi kikundi chetu kilivyouona. Tulikuwa watu kumi na wanne, wakubwa na watoto watatu. Mtu mmoja alitukubalia kwa bei nzuri mno, karibu nusu ya ile tuliyoitarajia, pamoja na matunda na samaki wa kuchoma. Wengi wetu mioyo ilikwisha panda chomboni. Ndipo bibi mmoja wa kikundi chetu, mjane, aliyefiwa na nduguye katika kivuko cha mwaka 2002, akamwita yule mtu kwa upole.

"Mwanangu, jaketi ziko ngapi?"

"Ziko sita, Bibi. Lakini leo bahari ni maji ya mtungini."

"Nasi tu wangapi?"

"Kumi na wanne, Bibi."

"Basi hao wanane umekwisha wachagua ni kina nani?"

Yule mtu akacheka. Sisi hatukucheka.

Nahodha wa pili alikuwa na jahazi safi na jaketi zake zote, hata za watoto, ila bei yake ilituzidi. Hapo maneno yakawa mengi. Mmoja akasema waende walio na nguvu, wazee wabaki. Mwingine akasema tupige kura. Mama mmoja akalia, maana alikuwa amemwahidi mumewe jioni ile kwa miaka mingi. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kuongeza. Nauli ya kurudi Ifakara haiguswi.

Mwalimu mmoja mstaafu ndiye aliyetuokoa, kwa swali moja tu kwa nahodha: "Baba, ukitoa chakula, ukatoa na saa moja, bei inakuwaje?" Nahodha akafikiri, akahesabu kwa vidole, akataja. Ilitutosha, tukabakiwa na kidogo. Tukaenda wote kumi na wanne, saa moja na nusu badala ya saa mbili na nusu, bila samaki. Bibi alivaa jaketi lake kabla ya mtu mwingine yeyote, akakaa katikati ya chombo, mkono mmoja ubaoni na mwingine juu ya bega la mjukuu wa jirani. Mashine ilipozimwa na tanga likajaa, hakusema neno mpaka jua likaingia lote. Kisha akasema, "Kumbe maji yaweza kuwa mapole hivi." Tukarudi, tukala mishikaki na urojo pale Forodhani kwa ile fedha iliyobaki, tukashiba kuliko tungalivyoshiba majini.

Basi fundisho ni hili, msomaji. Bei ikikushinda, punguza chakula, punguza saa, punguza muziki. Usipunguze jaketi, wala usiongeze watu.

ADABU NA AFYA CHOMBONI

Mkiisha kupanda, kaeni. Mtu asimame akiambiwa na nahodha tu. Hatari kubwa ya matembezi haya huja saa ile jua linapogusa maji, maana kila mtu hutoa simu apige picha, na wote hukimbilia upande mmoja. Chombo hakijui kwamba mnapiga picha, kinajua uzito tu. Mkubaliane mapema: wapige walio upande ule, kisha nahodha ageuze chombo, wapige na wengine.

Jaketi huvaliwa na kufungwa, halikaliwi kama mto.

Anayechafukwa na moyo baharini ale kidogo kabla ya kwenda, wala asikae na tumbo tupu kabisa. Akae katikati, ambako chombo hakipandi na kushuka sana, atazame pale mbingu na bahari zinapokutana, asiinamie simu. Tangawizi huwasaidia baadhi ya watu. Mama mwenye mimba, na mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa, wamwulize tabibu wao nyumbani kabla ya safari.

Tena tukumbuke tuko ugenini. Watu wa Unguja wengi sana ni Waislamu, nao wana heshima zao za mavazi. Nguo ya kuogelea ni ya majini. Ukipita mjini jifunike, kanga au shati halina uzito. Ukienda mwezi wa Ramadhani, jua kwamba saa ya machweo unayoilipia ndiyo saa ya baharia kufuturu. Ataomba nafasi ale tende na kunywa maji. Mpe nafasi hiyo kwa moyo mweupe, na ukiwa na tende zako mwongezee. Amefunga toka alfajiri huku akikuvutia kamba.

NA SISI TUSIO NA NAULI?

Si kila mtu atafika Unguja, wala si lazima. Maji ya mto wetu yenyewe hufika baharini. Kilombero hukutana na Luwegu ukazaliwa mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka kwetu. Hupita bwawa la Julius Nyerere, kisha huingia bahari ya Hindi mkabala wa kisiwa cha Mafia. Anayetazama maji pale darajani anatazama mwanzo wa safari hiyo.

Bonde letu liliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya dunia ya ardhi oevu chini ya Mkataba wa Ramsar. Ndege mmoja, mnana wa Kilombero, aligunduliwa mwaka 1986 huku kwetu, wala haonekani mahali pengine popote duniani. Wageni huvuka bahari kuja kumtazama katika matete, nasi tunampita kila siku tukienda sokoni.

Ukipenda kutembea mtoni jioni, mtafute mvuvi mzee, Mndamba anayeujua mto kama ua wa nyumba yake, na umpe haki yake. Lakini hapa kanuni hugeuka. Baharini jioni ndiyo saa nzuri. Mtoni jioni ndiyo saa ya kiboko. Jua likishuka yeye hutoka majini kwenda malishoni, na usiku si wakati wa kukutana naye, iwe majini au katika njia yake ya ukingoni. Basi ondokeni saa tisa, mrudi saa kumi na moja na nusu, na machweo myatazame mkiwa juu ya daraja, miguu mikavu. Mwambie mvuvi agonge ubavu wa mtumbwi kwa kafi anapokaribia kona, ili kiboko asikie na kujitokeza. Mkono usiachwe majini, mamba hajui kwamba mnatembea tu. Miezi ya mafuriko, Machi mpaka Mei, msiende kabisa. Na jaketi ni lile lile: mto una kina, nao una nguvu.

Haya, msomaji. Kama mwaka huu mavuno yamekujalia na jina lako limo katika orodha ya wasafiri, kata ukurasa huu uuweke pamoja na tikiti yako. Tazama mwezi, tazama upepo, hesabu watu, hesabu jaketi. Kisha panda, kaa, nyamaza kidogo, utazame jua likiingia baharini. Nyumbani wanakungoja na habari zake. Safari njema.